Joto Kali Mjini: Nani Atabisha Hodi?



Katika wiki ya tarehe 14 hadi 20 Julai, 1995, mji wa Chicago nchini Marekani ulipoteza watu 739 zaidi ya idadi ya wale ambao hufariki mjini humo katika wiki ya kawaida ya majira hayo. Hapakuwa na vita, wala tetemeko la ardhi, wala mafuriko. Hakuna daraja lililovunjika wala nyumba iliyoanguka. Mtu aliyepita barabarani siku zile aliyaona majengo yamesimama mahali pake na maduka yako wazi. Kilichoua ni joto. Na waliouawa hawakuwa wasafiri waliopotea jangwani. Aghalabu walikuwa wazee waliofia vyumbani mwao, juu ya vitanda vyao wenyewe, katika mji wenye hospitali kubwa, simu, magari ya wagonjwa, na ziwa pana la maji baridi pembeni yake.

Yawezekana msikilizaji akauliza, mkasa wa mji ulio mbali kiasi hicho unamhusu nini balozi wa nyumba kumi wa Dar es Salaam. Unamhusu sana. Wataalamu walipokwisha kuchunguza nani alikufa na nani alipona, ilidhihirika kwamba kazi iliyokosa mtu wa kuifanya Chicago katika siku zile haikuwa kazi ya daktari bingwa wala ya mhandisi. Ilikuwa ni kazi ya kupita mlango hadi mlango na kubisha hodi.

Yafaa kwanza kueleza mambo yalivyokwenda. Siku ya Alhamisi, tarehe 13 Julai, joto lilifika nyuzi 41 za sentigredi katika kiwanja cha ndege cha Midway. Kwa mtu wa jangwani aliyezoea jua kavu, kiasi hicho si kigeni mno. Lakini hewa ya Chicago siku hiyo ilikuwa imejaa unyevu, hata mwili ukalihisi joto lile kama nyuzi 48. Tena usiku haukuleta nafuu. Nyumba za matofali zilizochomwa na jua mchana kutwa, zenye mapaa yaliyopakwa lami nyeusi, ziliendelea kutoa joto mpaka alfajiri, mithili ya tanuri ambalo mkate umekwisha kutolewa. Jua la siku ya pili lilizikuta hazijapoa bado. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya mji na shamba: shambani ardhi hupumua usiku, lakini mjini zege, lami na matofali huweka akiba ya joto na kuitoa wakati ambapo mwili unataka kupumzika.

Wenye viyoyozi waliviwasha vyote kwa pamoja. Mitambo ya umeme ikalemewa, na makumi ya maelfu ya nyumba yakakosa umeme. Vijana walifungua maelfu ya mabomba ya zimamoto mitaani ili wapate maji ya kujipoza, na katika baadhi ya mitaa maji ya majumbani yakakatika. Barabara zilipinda kwa joto. Hospitali zaidi ya ishirini zilijaa mpaka zikafunga milango ya wagonjwa wa dharura, na magari ya wagonjwa yakawa yanazunguka mjini yakitafuta mahali pa kushusha watu. Mji ulikuwa na mpango wa dharura ya joto, umeandikwa na kuwekwa kabatini, lakini haukutekelezwa mpaka watu walipokwisha kufa kwa mamia. Vifo vilizidi zaidi siku ya Jumamosi tarehe 15, yaani siku mbili baada ya joto kufika kileleni. Chumba cha maiti cha wilaya kilijaa. Yaliletwa malori yenye majokofu, ya aina ile inayosafirisha nyama, yakapangwa uani, na miili ikawekwa humo.

Ndipo ukazuka ubishi ambao wenye madaraka wa kila nchi wangefaa kuujua. Mganga mkuu wa uchunguzi wa maiti wa wilaya ile, Dakta Edmund Donoghue, alikuwa akitangaza kila siku idadi ya waliouawa na joto. Meya wa mji, Richard M. Daley, aliitilia shaka hadharani. Hoja yake ilikuwa kwamba haiwezekani kila aliyekufa siku za joto ahesabiwe kuwa ameuawa na joto. Mkuu mwingine wa mji alidiriki kusema kwamba waliokufa walikuwa wamejipuuza wenyewe. Baadaye wataalamu wa afya wa serikali ya Marekani walithibitisha kwamba Donoghue hakukosea. Hesabu ya 739 ilipatikana kwa njia nyepesi isiyo na ubishi: yalichukuliwa makaburi ya wiki ile, yakatolewa makaburi ya wiki ya kawaida, na kilichosalia ndicho joto lilichokula. Mvuto wa kukana ulikuwa mkubwa kwa sababu joto haliachi alama. Mafuriko huacha tope ukutani na moto huacha majivu, lakini mzee aliyekufa kwa joto huonekana kama mzee aliyelala.

Lakini je, joto humwuaje mtu? Mwili wa binadamu hutaka kukaa kwenye nyuzi 37, wala haukubali kwenda mbali na hapo. Hewa ya nje ikiwa na joto, mwili hufanya mambo mawili. Kwanza, moyo husukuma damu nyingi kuelekea kwenye ngozi ili joto la ndani litoke. Pili, jasho hutoka, na linapokauka huchukua joto. Jasho linalodondoka halimpozi mtu; linalompoza ni lile linalokauka. Kwa hiyo hewa ikiwa imeshiba unyevu, kama ile ya pwani hii mwezi Februari, mtu hutoka jasho jekejeke na asipoe. Wakati huo huo moyo unafanya kazi kama wa mtu anayekimbia, ingawa mwenyewe amekaa kitini. Kijana mwenye afya huvumilia. Mzee mwenye shinikizo la damu, au mwenye moyo dhaifu, au mgonjwa wa kisukari au wa figo, huchoka siku ya kwanza, huzidi kuchoka siku ya pili, na siku ya tatu moyo hushindwa. Ndiyo sababu vifo vya Chicago vilichelewa kuliko joto lenyewe.

Zipo pia dawa ambazo humwongezea mtu hatari bila ya yeye kujua. Dawa za kukojosha, ambazo wengi wenye shinikizo la damu huzitumia, hupunguza maji mwilini. Na baadhi ya dawa za wagonjwa wa akili huuzuia mwili kutoa jasho vizuri. Hii haina maana kwamba mgonjwa aache dawa zake. Maana yake ni kwamba mgonjwa huyo anastahili kutazamwa mara nyingi zaidi siku za joto, na kuulizia zahanati mapema. Aidha, kiu ya mzee haimwambii kweli. Mwili wake unaweza kuwa umekauka naye asihisi haja ya kunywa. Mtu anayemwuliza mzee kama ana kiu, akaambiwa hapana, akaenda zake, hajamsaidia. Ampe kikombe mkononi na amngoje anywe.

Mwili ukishindwa kabisa, joto la ndani hupanda kufika nyuzi 40 na zaidi, na ubongo huanza kuungua. Mtu huropoka, huyumba, hukasirika bila sababu, hasahau alipo tu bali hata jina lake, kisha huzirai. Hapo hakuna tena suala la kupumzika kivulini. Kila dakika ina thamani.

Baada ya mkasa, wachunguzi walikwenda nyumba kwa nyumba wakilinganisha waliokufa na majirani wao waliopona, watu wa umri mmoja na mtaa mmoja. Waliyoyakuta yanafaa kukaririwa. Waliokuwa katika hatari kubwa ni wale waliolala kitandani kwa maradhi, waliokuwa hawatoki nje hata mara moja kwa siku, waliokaa peke yao, na waliokaa ghorofa ya juu kabisa chini ya paa. Waliosalimika zaidi ni wenye kiyoyozi kinachofanya kazi, wenye usafiri, na wale ambao walikuwa na watu: kikundi cha kanisani, chama cha mtaa, au jamaa na marafiki wa kuwatembelea.

Mtaalamu wa elimu ya jamii, Eric Klinenberg, mzaliwa wa Chicago, alilifuatilia jambo hili kwa miaka kadhaa na kutoa kitabu mwaka 2002. Alizichukua sehemu mbili za mji zinazopakana, North Lawndale na South Lawndale, ambayo wenyeji huiita Little Village. Jua ni lile lile. Wazee maskini na wazee wanaokaa peke yao walikuwepo kwa wingi pande zote mbili. Lakini North Lawndale ilipoteza watu 40 kwa kila watu 100,000, na Little Village haikupoteza hata 4 kwa kila 100,000. Barabara moja tu inatenganisha uhai na mauti, na uwiano ni kumi kwa mmoja!

Sababu haikuwa hewa. North Lawndale, inayokaliwa na Wamarekani weusi, ilikuwa imeachwa. Viwanda vikubwa vilivyoajiri wenyeji vilifungwa au kuhama, maduka yakafuata, watu wenye uwezo wakaondoka, na nyumba zilizobaki tupu zikabomolewa mpaka mtaa ukawa na mapengo kama mdomo wa kizee. Wauza madawa ya kulevya walishika pembe za barabara. Mzee aliyebaki alijifungia ndani, madirisha ameyapigilia misumari kwa kuogopa wezi, hana duka la kuendea wala jirani wa kumjua. Ng'ambo ya barabara, Little Village ilikuwa imejaa wahamiaji kutoka Meksiko. Barabara ya 26 ilikuwa na msongamano wa maduka, wachuuzi na watoto tangu asubuhi hadi usiku. Mzee wa huko, hata kama alikuwa peke yake, alikuwa na pa kwenda: alitoka, akaingia dukani penye ubaridi, akasalimiana na watu, akaketi. Asipoonekana siku mbili, mwenye duka angeuliza.

Wapo waliodhani kwamba yote haya ni mambo ya rangi au ya kabila tu, kwamba watu wa Meksiko wanajali wazee na wengine hawajali. Klinenberg aliikata hoja hiyo kwa mfano mwingine. Mtaa wa Auburn Gresham nao unakaliwa na watu weusi, na umepakana na Englewood, ambao pia ni wa watu weusi. Englewood ilipoteza 33 kwa kila 100,000. Auburn Gresham ilipoteza 3 tu. Auburn Gresham haikuwa imeachwa. Maduka yake, makanisa yake na vyama vyake vya mitaa vilikuwa hai, na wakazi wake walikaa kwenye vibaraza vya nyumba zao wakijuana kwa majina. Kibaraza nacho kiliokoa watu.

Kuna jambo moja zaidi katika uchunguzi ule ambalo linauma. Wanawake wazee waliokuwa wakikaa peke yao walikuwa wengi kuliko wanaume, lakini wanaume ndio waliokufa kwa kiwango kikubwa zaidi, na maiti ambazo hazikudaiwa na mtu nyingi zilikuwa za wanaume. Mwanamume aliyeachana na mkewe, au aliyepoteza kazi, au aliyevunja na wanawe, alijikuta uzeeni hana hata mmoja wa kumpigia simu. Mwanamke, kwa desturi, alikuwa ameilea kamba ya ujirani maisha yake yote. Mwezi Agosti, 1995, wapatao arobaini miongoni mwa waliokufa kwa joto, ambao hawakupata ndugu wa kuwachukua, walizikwa kwenye handaki moja refu katika makaburi ya Homewood, kusini mwa mji.

Wenye umri mkubwa wa Chicago walikumbuka kwamba haikuwa hivyo siku zote. Katika joto kali la miaka ya 1930 watu walichukua mikeka na mito wakaenda kulala kwenye bustani na ufukweni mwa ziwa, familia nzima-nzima, mpaka asubuhi. Mwaka 1995 hakuna aliyethubutu. Hofu iliwaweka watu ndani ya tanuri na kufunga mlango.

Chicago haikuwa peke yake. Mwezi Agosti, 2003, joto liliua watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee, wakati ambapo madaktari, mawaziri na watoto wa wazee hao wenyewe walikuwa likizoni. Katika makaburi ya Thiais, karibu na Paris, walizikwa watu 57 ambao hakuna aliyekuja kuwatambua. Rais Jacques Chirac alihudhuria. Baada ya aibu hiyo Ufaransa iliziagiza serikali za miji ziwe na daftari la wazee na vilema wanaokaa peke yao, ili siku ya joto wapigiwe simu na kutembelewa. Kadhalika siku moja ya mapumziko iligeuzwa kuwa siku ya kazi isiyo na malipo, na fedha yake ikawekwa kwa ajili ya kuwahudumia wazee. Daftari ni jambo jema. Lakini lina dosari moja, nayo ni kwamba mtu huandikwa kwa kuomba mwenyewe au kuombewa. Na yule aliyetengwa na kila mtu ndiye asiyejua kuwa daftari lipo.

Mji unaostahili kutazamwa zaidi na watu wa hapa ni Ahmedabad, katika Gujarat, ambako ndiko asili ya Wahindi wengi wa pwani hii ya Afrika Mashariki. Ni mji wa nchi isiyo tajiri kama Marekani, wenye vibanda vya bati, wachuuzi, na wajenzi wanaofanya kazi juani. Mwezi Mei, 2010, joto lilifika nyuzi 46.8, na vifo vya mwezi huo vikazidi vya kawaida kwa 1,344. Wakuu wa mji hawakubishana na makaburi. Mwaka 2013 walianzisha mpango ambao ulikuwa wa kwanza wa namna yake katika Asia ya Kusini. Joto linapotabiriwa, hutolewa onyo kwa rangi, na kila idara inajua rangi ipi inaitaka ifanye nini. Vituo vya maji ya kunywa hufunguliwa, bustani huachwa wazi ili watu wapate kivuli, na wauguzi hufundishwa kulitambua tatizo mapema. Katika hospitali moja iligunduliwa kwamba wodi ya watoto wachanga ilikuwa ghorofa ya juu, chini ya paa, ikateremshwa chini. Na mapaa ya maelfu ya vibanda yalipakwa chokaa nyeupe ili yarudishe jua lilikotoka. Hakuna hata moja katika mambo hayo linalohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Dar es Salaam, kwa hesabu ya mwaka 2022, ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Joto lake halifiki nyuzi za Ahmedabad, bahari huizuia. Lakini kuanzia Desemba mpaka Machi hewa yake hujaa unyevu usiku na mchana, na sehemu kubwa ya wakazi wake hukaa katika vyumba vya kupanga vyenye paa la bati lisilo na dari, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Adhuhuri, ndani ya chumba kama hicho ni moto kuliko nje. Miti ya uani imekatwa ili kiongezwe chumba kimoja zaidi cha kupangisha. Na dunia inazidi kupata joto, jambo ambalo limekwisha kuthibitishwa na vipimo vya hali ya hewa vya mataifa yote.

Husemwa kwamba huku kuna ujamaa, hakuna mzee anayesahauliwa. Kauli hiyo ilikuwa kweli zaidi zamani kuliko ilivyo leo. Mabaraza ya nje, ambayo yalikuwa kiti cha kila mpita njia, yamezungushiwa kuta zenye vipande vya chupa juu yake. Wapo wastaafu ambao watoto wao wako mikoani au ng'ambo, wanatumiwa fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, na kati ya mwezi na mwezi hawaonani na mtu ila msichana wa kazi. Yupo mlinzi wa usiku anayelala mchana peke yake katika chumba cha bati. Yupo mjane katika chumba cha uani ambaye wapangaji wenzake humjua kwa jina la mkoa aliotoka tu. Na zipo nyumba kumi ambazo balozi wake hukutana na mpangaji siku ile mpangaji anapotaka kusainiwa barua, basi.

Kwa hiyo mwezi Novemba, kabla ya joto, balozi aketi na daftari la kawaida la shule na aandike kila nyumba kati ya zile kumi: nani ni mzee, nani mgonjwa wa moyo, kisukari, figo au shinikizo la damu, nani ana kichanga, nani ni mjamzito, nani anakaa peke yake. Mbele ya kila jina aandike jina la jirani mmoja aliyekubali kumtazama mara mbili kwa siku wakati wa joto kali, asubuhi na baada ya saa tisa. Jirani huyo asichaguliwe kwa cheo. Achaguliwe yule ambaye mzee atamfungulia mlango.

Mazungumzo ya mlangoni yasiwe marefu. Mgonjwa atolewe chumbani saa za mchana na kuwekwa kivulini penye upepo, chini ya mwembe au mkungu, au kwenye ukumbi wa jengo lenye hewa, awe wa msikiti, kanisa au ofisi ya mtaa. Apewe maji kidogo kidogo mara kwa mara, na kama anatoka jasho sana au anaharisha, apewe maji ya chumvi na sukari yanayotolewa zahanati. Alowanishwe mikono, uso na shingo kwa kitambaa chenye maji. Feni humfaa mtu hewa inapokuwa baridi kuliko mwili. Hewa ikipita nyuzi 40 feni humpulizia moto tu. Kwa hali ya Dar es Salaam feni inafaa, na hufaa mara mbili ikiwa ngozi imeloweshwa kwanza. Pombe haikati kiu ya joto. Wala mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika chache za kuingia dukani, kwa kuwa gari hupata moto upesi kuliko wengi wanavyodhani.

Wako pia wale ambao hawawezi kuambiwa wakae kivulini, kwa sababu riziki yao iko juani: wajenzi, wabeba mizigo, wachuuzi, waendesha bodaboda, na mama lishe ambaye ana jua mgongoni na moto mbele yake. Oman, ambako wananchi wengi wa Tanzania wana jamaa, sheria inakataza kazi ya nje kati ya saa 6.30 mchana na saa 9.30 alasiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Tajiri wa huko hakuifuata sheria hiyo kwa huruma; anaifuata kwa kuwa ipo. Mwenyekiti wa mtaa hana uwezo wa kutunga sheria, lakini anayo sauti mbele ya mkandarasi anayejenga mtaani kwake, na anaweza kumtaka aanze kazi alfajiri, asimamishe saa za adhuhuri, na aweke pipa la maji safi penye kivuli. Kibarua mgeni aliyetoka mkoa wa baridi asipewe kazi nzito siku ya kwanza. Mwili huhitaji wiki moja au mbili kuizoea hali ya joto, na wengi wanaoanguka huanguka siku zao za mwanzo.

Mwaka 1999 joto kali lilirudi Chicago. Safari hii mji uliwatuma polisi na watumishi wake kubisha milango ya wazee, ukapiga simu kwa maelfu, ukafungua majumba ya ubaridi na kutoa mabasi ya bure ya kuwapeleka watu huko. Walikufa zaidi ya 100, idadi ambayo ni msiba, ila haikukaribia 739.

Limebaki la mwisho, nalo ni lile linalotakiwa kufanywa pale mlango unapofunguliwa na mzee akaonekana hayuko sawa. Aulizwe jina lake, leo ni siku gani, na mwanawe wa kwanza anaitwa nani. Akijibu sawasawa na ngozi yake ni ya kawaida, apumzishwe, apewe maji, na jirani arudi baada ya nusu saa. Akijibu ovyo, au akiyumba, au mwili wake ukiwa wa moto kama mtu mwenye homa kali, asipelekwe kitandani wala asifunikwe kanga. Mtu mmoja akimbilie gari, bajaji au chochote kilicho karibu. Wengine wamvue nguo nzito palepale, wammiminie maji mwili mzima wakimpepea bila kukoma, na kama ipo barafu, kama ile inayouzwa katika vifuko vya nailoni, awekewe shingoni, kwapani na kwenye manena. Akiwa amezirai asinyweshwe kitu, kwa kuwa maji yataingia mapafuni, alazwe ubavu. Kumpoza kusingoje gari, na gari likifika kuendelee njiani mpaka mlango wa hospitali.